Maji ya Wapita Njia

Kwetu Gongoni, mjini Tabora, maji yalikuwa na sheria tatu, na nilizijua kabla sijajua kufunga kamba za viatu: rangi, ladha, harufu. Maji ambayo hayajabadilika vitu hivyo vitatu ni tohara, utatawadhia, utapikia, utakunywa. Yakibadilika kimoja tu, kaa nayo mbali. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alitukaririsha mpaka tukawa tunaimba njiani, na mama yangu, aliyekuwa mkali kuliko mwalimu, alikuwa na desturi ya kuinua glasi mbele ya dirisha kabla ya kumpa mtu maji. Akiona hata uzi wa tope, glasi inamwagwa uani, na wewe mwenye kiu unangoja.

Palikuwa na sheria ya nne, ila hiyo haikuwa ya dini, ilikuwa ya ukoo. Babu yake mama alikuwa mnyapara wa wapagazi enzi za misafara. Alipochoka kutembea akalowea Tabora kama wengi wa wenzake, na alichowaachia watoto wake hakikuwa shamba wala pembe, kilikuwa orodha ya maji ya njiani. Mama aliijua yote kwa moyo. Mahali fulani maji yana ruba, chujeni kwa nguo. Mahali fulani ni machungu, piteni tu. Na upande wa Ziba, chini ya jabali, kuna chemchemi ambayo ukiingiza mguu unaziona kucha zako moja moja. Babu alikuwa akisema katika safari zake zote hakuonja maji kama yale. Basi tulikua tukiyatamani maji ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyaona.

Nayaeleza haya mapema ili mtu asinihukumu haraka. Akinihukumu baadaye sitamlaumu.

Mume wangu alikuwa bwana shamba na mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Ile miaka ya kuhamia vijijini, yeye alipelekwa kwenye kijiji kipya kisicho mbali na Ziba, nami nikaomba uhamisho nikamfuata na binti yetu mgongoni. Alikuwa na miezi sita, hana jino hata moja. Mama alilia stendi. Halafu, lori lilipokaribia kuondoka, akafuta machozi akanisogelea dirishani: "Lakini mwanangu, unakwenda kwenye maji ya babu!"

Nchi ya kule haina mahali pa kujificha. Ni mbuga ya udongo mweusi, tambarare, na hapa na pale mawe makubwa yamerundikana. Mvua ikija inakuja kwa hasira, saa moja ya vurugu, kisha wiki mbili za jua. Udongo ule haunywi. Maji yanateleza juu yake yakizoa samadi na kila kilichoachwa nje, yanaishia kwenye lambo, na lambo linakuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mto ulikuwepo, mpana kweli kweli, lakini ulikuwa mchanga mtupu, labda siku kumi tu kwa mwaka ndiyo unauona ukitembea. Watu walikuwa wametolewa kwenye kaya zao zilizotawanyika, wakapangwa kwa mistari kando ya barabara, nyumba zikitazamana, wengine bado wamenuna.

Na chini ya jabali, mwendo wa nusu saa kutoka shuleni, nikaikuta chemchemi. Nilivua viatu. Nikaingiza mguu. Nikaziona kucha zangu zote tano, na mimi nisiye na tabia ya kulia nikalia.

Kilichonishangaza ni kwamba wanawake hawakuwa wakiteka hapo maji ya kunywa. Walifulia. Wachungaji walileta ng'ombe, na ng'ombe walikuwa wakikimbilia pale mbio wakiyapita maji mengine. Lakini kwa kunywa, kipindi cha mvua waliteka lambo, wakaacha maji mtungini yatuame. Kiangazi walikwenda kuchimba mchanga wa mto kwa vibuyu, mashimo ya kina cha kiuno, na kungoja maji yajikusanye kikombe kwa kikombe. Nikasema moyoni, hawa watu Mungu kawapa sukari wao wanalamba chumvi.

Mvua za kwanza zilipokuja, watoto wawili walikufa kwa kuhara katika wiki moja. Nilikwenda kwenye misiba yote miwili. Mmoja alikuwa rika la binti yangu kabisa, na nilipoona alivyofungwa kwenye kipande cha khanga nilishikwa na hofu ambayo haikunitoka tena kwa miaka. Nilirudi nyumbani nikamwaga maji yote tuliyokuwa nayo. Tangu siku hiyo mtoto wangu hakuonja tone ambalo halikutoka chemchemini, na hata hayo niliyachemsha mara mbili. Watu walinicheka kwa kuni nilizomaliza.

Mchana nilifundisha elimu ya watu wazima, wanawake kama ishirini, chini ya bati la darasa. Somo la kusoma niliweka kando nikafundisha maji na kuyachemsha. Nilichukua glasi mbili, moja ya lambo na moja ya jabali, nikaziinua dirishani kama mama. Nikawauliza, "Ipi inaua?" Wakaonyesha ya lambo. "Na ipi tutawapa watoto?" Wakaonyesha ya jabali. Katibu wa kijiji alifurahi, akalipeleka jambo hilo mkutanoni, likapita kwa mikono yote. Tulijenga kuta za mawe kuzunguka chemchemi, nikabeba mawe mimi mwenyewe.

Mmoja wa wanafunzi wangu, mwanamke wa umri wangu, alikuwa akicheka amefunika mdomo kwa pindo la khanga. Niligundua kwa nini siku alipojisahau: meno yake ya mbele yalikuwa ya kahawia, yameliwaliwa. Mimi na mdomo wangu! Nikamweleza mbele ya wenzake kwamba ugoro ni mbaya na kwamba mkaa uliosagwa pamoja na mswaki wa mti vitayasafisha. Hakubishana. Alisema, "Asante, mwalimu," akafunika mdomo. Sikuuliza kama anatumia ugoro. Sikuuliza amezaliwa wapi. Alizaliwa chini ya jabali.

Jirani yangu alikuwa bibi mmoja aliyenipenda, sijui kwa lipi. Alfajiri moja nilimkuta uani kwake akitenga maji kwenye mitungi miwili. Nikampigia magoti kidogo, nikamwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mayu," akaniita mama kwa lugha ya kule. " Mtoto kaamkaje?"

"Hajambo. Bibi, darasani kwangu huji. Maji ya jabali unateka?"

Alinitazama, akafunika mtungi mmoja kwa kata. "Yale ni maji ya ng'ombe na wapita njia, mwalimu."

"Kwa nini?"

"Si unajua wanavyosema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Wale wa misafara wazee wetu waliwaonyesha pale. Wanalala siku mbili, wanakwenda. Maji hayapati muda wa kuwajua. Wewe mwenyewe kunywa tu, meno yako yalishaota huko kwenu. Lakini huyu mtoto mpe ya mchangani. Mkikosa, kingeni ya mvua kwenye bati la shule."

"Yakimjua, yanamfanya nini?"

"Yanakula meno."

Nilicheka. Si kwa ubaya, lakini nilicheka, na jioni nikamsimulia mume wangu naye akacheka. Tulikuwa vijana, tumesoma, tumetumwa kuondoa ujinga, na huyu bibi ananiambia maji yanamjua mtu. Niliyaweka pamoja na mambo ya bundi na paka weusi. Naye hakulirudia tena neno lile.

Tena kulikuwa na jambo la mlenda. Kwetu mlenda bila magadi hauivi ukalainika, kila mpishi anajua. Kwa maji ya jabali ulilainika wenyewe, unavutika vizuri, na maharage yakaiva kabla hujamaliza kufagia uwanja. Nilimwandikia mama barua nzima kuhusu mlenda. Akajibu kwamba babu hakuwa mwongo.

Tukaishi hapo miaka minne. Binti yangu hakuhara hata mara moja. Aliota meno ya utoto meupe, madogo, yamejipanga, na kila nilipomwona akicheka nilijisifu, kwa nini nifiche? Tulipoondoka, yule bibi alikuja kutuaga, akamshika mtoto kidevu, akamtazama mdomoni muda mrefu. Nilidhani anamwombea.

Uhamisho ulitupeleka Usoke, upande wa reli, kwenye tumbaku. Ilikuwa kama kuhamia dunia nyingine. Huku mvua inakaa, na ardhi ni mchanga unaonywa polepole chini ya msitu wa miombo. Maji yanakaa chini ya majani yaliyooza, yanachuruzika taratibu, na kijito kinaendelea kutembea miezi mingi baada ya mawingu kwisha. Ila kina rangi ya chai ya rangi, iliyokolea. Ukiweka mkono, kucha huzioni.

Nilikichukia kijito kile. Nilichuja kwa nguo mara tatu, nikachemsha, nikainua glasi dirishani, bado chai. Nililaza maji, nikayahamisha chombo hadi chombo, nikagombana na mume wangu kana kwamba yeye ndiye aliyeipanda misitu. Mlenda ukarudi kudai magadi. Mwaka mzima niliishi nikimtazama mtoto tumbo, nikimgusa paji la uso, nikingoja kuhara kuanze. Hakukuanza.

Ndipo akaja fundi wa maji. Alikuwa kijana wa serikali aliyezunguka wilaya na sanduku la chupa ndogo, anateka maji kila mahali, anaandika karatasi na kubandika. Mume wangu alimkaribisha chakula cha mchana, kwa kuwa Usoke ile hapakuwa na hoteli ya kumtosha mtu mwenye njaa. Nilimpa ugali na mlenda. Nikamlalamikia kijito.

"Rangi ile ni majani tu, shemeji," akasema. "Ni kama umeloweka majani ya chai. Uchemshe basi, inatosha. Maji ya huku ni mapole."

"Mapole! Ungeonja ya kule tulikotoka wewe. Meupe pe. Mlenda haukuhitaji magadi hata chembe."

Alikuwa amekata tonge. Hakulipeleka mdomoni.

"Ni wapi huko?"

Nikamwambia. Akauliza kama chemchemi inatoka chini ya mawe. Akauliza kama ng'ombe wanayapenda. Kila jibu nililompa lilikuwa la majivuno, na kila jibu lilimfanya aongee polepole zaidi. Akaeleza kwamba kule kwenye ukame maji yanakaa ndani ya mwamba miaka na miaka yakiulamba, jua linakunywa maji na kuacha madini, na yale yanayolainisha mlenda mara nyingi huja na mwenzake ambaye humwoni, hana rangi wala harufu. Aliitaja floraidi. Huku mvua ni nyingi na mchanga umeshaoshwa, ndiyo maana maji ni mapole. Kisha akamtazama binti yangu aliyekuwa mlangoni anacheza na vifuniko vya sufuria.

"Huyu alikunywa?"

"Tangu hajaota meno," nikasema. "Na niliyachemsha mara mbili."

Yule kijana alinawa mikono ingawa sahani ilikuwa nusu. "Kuchemsha kunaua vijidudu, shemeji. Hayo madini kunayazidisha. Maji yanapungua, yenyewe yanabaki."

Mume wangu akamwonyesha meno ya mtoto: si haya hapa, meupe? Yule kijana akasema ya utoto mara nyingi hayaonyeshi. Ya ukubwani yanajengwa ndani ya ufizi miaka ile ile ya mwanzo, kimya kimya, na huwezi kujua mpaka yatoke. "Huenda yasiwe mabaya," akasema. Wataalamu wana huruma mbaya. Afadhali angesema ndiyo.

Alikuwa na miaka mitano. Nilingoja mwaka mmoja na miezi, na sijawahi kuishi muda mrefu kama ule. Nilikuwa nikimwambia acheke. Nilimkamata asubuhi, nikamgeuza kwenye mwanga, nikapapasa meno kwa kidole kuona kama yanatikisika. Mtoto akaanza kunikimbia. Usiku nilijihesabia vikombe: uji wa asubuhi, uji wa saa nne, maji ya mchana, kwa miaka minne. Na baada ya kumhesabia wangu nilianza kuwahesabia wale wengine, watoto wa wanawake ishirini niliowainulia glasi. Kuta zile za mawe nilizijenga kwa mikono yangu. Niliandika barua kwa katibu wa kijiji mara tatu na kuichana mara tatu. Ningeandika nini? Kwamba mwalimu amekosea, msiniulize zaidi?

Jino la kwanza lilipong'oka alifurahi sana. Alilirusha juu ya bati kama watoto wote, akipiga kelele kuomba jipya lililo zuri kuliko hilo. Nilisimama nyuma yake nikaomba pia, ila mimi sikupiga kelele.

Lilitoka na mistari myeupe kama chokaa. Nikasema, ni meupe, alhamdulillahi. Baada ya miezi michache mistari ikageuka manjano, kisha kahawia. La pili likatoka vile vile, likiwa na vishimo kwenye ncha. Shuleni walimpa jina ambalo sitaliandika hapa. Siku moja nilimwona akicheka na wenzake, na mkono wake ukapanda wenyewe ukafunika mdomo. Hakuna aliyemfundisha. Niliingia ndani nikakaa kitandani nikiwa na mwiko mkononi.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo wanavyosema. Guu langu lilikuwa zima. Aliyevunjika alikuwa na miaka minane.

Likizo ile nilipanda gari kwenda Ziba pamoja naye. Nilitaka kusimama mbele yao niseme, hata wakinipiga mawe. Njiani nilirudiarudia maneno mpaka nikayasahau. Tulipofika kijijini watoto wa shule walikuwa wanatoka, wengi, rika la binti yangu, wale wale niliowajua wakiwa wachanga. Walimtambua mwalimu. Wakaja mbio, wakanizunguka wakicheka.

Niliwatazama midomoni mmoja mmoja. Meupe. Meupe. Mwingine ana pengo, na jino linalochungulia kwenye pengo ni jeupe. Nilimshika mtoto wa katibu kidevu nikamgeuza kwenye jua, yule yule katibu aliyeinua mkono wa kwanza mkutanoni. Meupe kabisa.

Yule bibi nilimkuta uani kwake, amezeeka lakini mitungi ni ile ile miwili. Nilimwamkia, akaitikia, akanivutia kigoda. Nikauliza bila hata kuuliza habari za nyumbani.

"Bibi, chemchemi waliacha lini?"

"Hawakuanza, mwalimu."

"Darasa zima walisema ndiyo. Mkutano ulipitisha."

"Ee, walisema ndiyo." Alikuwa akipepeta mtama, hakuinua uso. "Mwaka ule tuliambiwa tuhame, tukasema ndiyo. Tukaambiwa nyumba zikae mstari, tukasema ndiyo. Na wewe ulikuwa mtu mwema, ulizika na sisi. Nani angekukatalia? Walikunywa watu wazima, ukipita. Watoto walipewa ya mchangani. Lako la kuchemsha tulilishika, hilo lilikuwa neno la kweli, hatujazika mtoto wa kuhara siku nyingi."

"Mbona hamkuniambia?"

"Nilikuambia," akasema. "Ulicheka."

Nilijisikia nafuu kwa ajili yao, nafuu ya kweli, na papo hapo nikawakasirikia wote. Wanawake ishirini walikaa kwenye darasa langu, na mwanafunzi mmoja tu ndiye aliyeniamini, tena hakuwa na hiari.

Yule mwenzangu wa kufunika mdomo alisikia tumefika, akaja kusalimia. Binti yangu alimtazama alipokuwa akizungumza. Akanivuta khanga. "Mama," akasema kwa sauti ambayo alidhani ni ya chini, "huyu ana meno kama yangu." Mwanamke yule akachuchumaa mbele yake, akauliza alizaliwa wapi. Mtoto akasema Tabora. "Hapana," akasema yule mwanamke, "wewe ni wa huku." Mtoto akatabasamu bila kuinua mkono. Mimi nilitazama pembeni.

Jua lilikuwa kali na tulikuwa na kiu ya njia nzima. Bibi akasimama, akachukua kata ya kibuyu. Kutoka mtungi wa kwanza akanitekea mimi, maji meupe, nikauona mpaka ufa wa ndani ya kibuyu. Kisha akafunua ule mwingine, akamtekea binti yangu yale ya mchangani, yenye ukungu kidogo, akampa kwa mikono miwili.

"Kunywa hayo, mgeni," akaniambia.

Mtoto alikunywa yote akaomba mengine. Yangu niliyashika mkononi mpaka yakapata moto.